Maradhi ya Mshipa wa Kichwa Katika Ukoo Wetu: Kwa Nini Tumeamua Kusema

Katika nyumba yetu ya Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, wamefariki watu wawili kwa maradhi ya aina moja: mama yetu mzazi mwaka 2001, na dada yetu mkubwa mwaka 2019. Kwa miaka 18 iliyo baina ya vifo hivyo, kifo cha kwanza kilikuwa na jina jingine. Kiliitwa uchawi. Jina hilo lilimwondoa mwanamke mmoja nyumbani kwake, likawatenga watoto wa baba mmoja, na likafunika jambo ambalo lau lingejulikana mapema, huenda dada yetu angepimwa angali hai. Tunaandika haya sisi watoto watano tuliobaki, kwa ridhaa ya wote wanaohusika, kwa kuwa tunaamini zipo nyumba nyingine za Waislamu, Katavi na kwingineko, zenye misiba miwili au mitatu ya ghafla ambayo haijawahi kuwekwa pamoja na kutazamwa kwa jicho moja.

Mama alikuwa na umri wa miaka 41. Ilikuwa baada ya Alasiri, akipukuchua mahindi pamoja na majirani. Waliokuwapo wanasimulia kwamba alishika kisogo kwa mikono miwili, akasema kichwa kinapasuka, akatapika, na kabla ya Magharibi hakuwa akimtambua mtu. Alifariki usiku wa pili. Hakukuwa na homa, hakukuwa na maradhi ya muda mrefu. Asubuhi ya siku ile alikuwa ametoka shamba. Baba alikuwa ameoa mke wa pili mwaka mmoja kabla, mwanamke wa Karema, ambaye sisi tulifunzwa kumwita mama mdogo. Ndugu wa marehemu mama walipowasili msibani kutoka Ujiji walimkuta mke mwenza kijana, mwenye mtoto mchanga mgongoni, na mazungumzo ya barazani hayakuhitaji ushahidi zaidi ya huo. Haikufika arobaini mama mdogo akawa amerudi kwao Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Baba hakumtaliki, wala hakuwa na nguvu ya kumrudisha. Akawa anakwenda na kurudi mpaka mauti yalipomkuta mwaka 2011, naye akaacha kule watoto watatu ambao ni damu yetu na ambao tulikuwa tukiwaona kwenye misiba tu.

Hatukanushi kuwapo kwa sihri. Qur'an imeitaja katika Suratul Baqara. Lakini Qur'an hiyo hiyo, katika Suratul Hujurat, imewakataza waumini kujiingiza katika dhana nyingi, ikabainisha kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Aya ya pili haikusomwa katika msiba ule.

Dada yetu alikuwa ametimiza miaka 40. Wiki mbili kabla ya kufariki alipata maumivu ya kichwa yaliyomjia kwa mara moja, makali kuliko yote aliyowahi kuyajua, yakafuatiwa na shingo kukakamaa. Alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, akapewa dawa za malaria na za kutuliza maumivu, na baada ya siku nne akawa nafuu. Hatukitaji kituo hicho na wala hatukilaumu. Kuvuja kidogo kwa mshipa kabla haujapasuka sawasawa huwapita hata madaktari wa hospitali kubwa za Ulaya, na kwa watu wa mikoa yetu kichwa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kisha asubuhi moja, baada ya Swala ya Alfajiri, akiwa bado juu ya mswala, alisema ni kama mtu amempiga kwa mchi kisogoni. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyaelewa. Alipofikishwa mahali penye CT-Scan picha ilionyesha damu imetapakaa kuuzunguka ubongo. Alifariki siku ya tatu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Daktari aliyekuwa akimhudumia alituita pembeni, akatupa pole, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: je, katika familia yenu yupo mwingine aliyekufa ghafla kwa kichwa? Kaka yetu akajibu bila kufikiri kwamba mama. Daktari akaacha kuandika. Akatuuliza mama alikuwa na umri gani, alianzaje, alitapika au hakutapika, alichukua saa ngapi kupoteza fahamu. Tulipomaliza kujibu, kile kilichoitwa uchawi kilikuwa kimekwisha kupata jina lake.

Ubongo hupata damu kupitia mishipa minne inayopanda shingoni. Inapofika chini ya ubongo mishipa hiyo huungana na kufanya mfano wa pete, ambayo tabibu Mwingereza Thomas Willis aliieleza kwa ufasaha mwaka 1664 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mahali mishipa inapogawanyika katika pete hiyo, mkondo wa damu hupiga ukuta wa mshipa kila moyo unapodunda. Ukuta ukiwa dhaifu hutuna taratibu, miaka kwa miaka, ukafanya kifuko mfano wa zabibu inayoning'inia katika kikonyo chake. Anayetumia baiskeli atafahamu haraka: ni ule mpira wa ndani unaotoa nundu mahali palipochakaa. Madaktari hukiita aneurizimu. Katika kila watu wazima 100, kiasi cha watu 3 wanatembea na kifuko kama hicho bila kujua, na wengi wao watafikia uzee na kufa kwa sababu nyingine kabisa. Lakini kikipasuka, kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa hupoteza maisha, na katika wanaosalimika wapo wengi wanaobaki na udhaifu wa mkono, wa kauli au wa kumbukumbu. Mara chache kifuko hutoa ishara kabla ya kupasuka: ukope mmoja huanguka ghafla na mboni ya jicho lile lile ikapanuka, kwa kuwa kinakandamiza mshipa wa fahamu unaoendesha jicho. Mtu wa namna hiyo asisubiri kesho.

Ilikuwa ikisemwa zamani kuwa maradhi haya ni adimu kwa Waafrika. Mwaka 2009 Profesa Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha kumbukumbu za wagonjwa wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliokutwa na vifuko hivi, wagonjwa waliokusanyika hapo kwa muda wa miaka kadhaa. Maana yake si kwamba maradhi yamekuja jana. Mahali pasipo na kipimo, mtu hufa kwa jambo lolote ambalo majirani wamekubaliana. Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, mama yetu alikuwa na miaka 11 kaburini, na sidhani kuna mtu wa rika lake hapa kwetu aliyewahi kupigwa picha ya kichwa.

Sasa tuje kwenye urithi, ambao ndio uliotufanya tushike kalamu. Wamepokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kisa cha bedui aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka kwa sababu mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza kuhusu ngamia wake na rangi zao, na kama miongoni mwao yupo wa kijivu. Bedui akakiri kuwa yupo, na alipoulizwa rangi hiyo imetoka wapi akasema pengine ni asili iliyomvuta. Mtume akamjibu kuwa na mwanawe pia huenda ni asili iliyomvuta. Shekhe aliyetusomea hadithi hii alitufahamisha kuwa neno la Kiarabu lililotumika pale, 'irq, maana yake ni mshipa, na pia ni mzizi na nasaba. Tulipolisikia tulitazamana. Bedui yule alikuwa karibu kumtuhumu mkewe kwa jambo ambalo mshipa wa nasaba ulitosha kulieleza.

Namna mshipa huu unavyovuta si rahisi kama rangi ya ngamia. Watu wengi hudhani kuwa maradhi ya kurithi yana jeni moja, mwenye nayo ataumwa na asiye nayo amesalimika. Yapo ya namna hiyo. Daktari alituamuru wote tupigwe picha ya ultrasaundi ya figo, kwa sababu yapo maradhi ya figo kujaa vifuko vya maji ambayo mzazi mwenye nayo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Jeni kuu inayoyasababisha, iliyo katika kromosomu ya 16, iligunduliwa mwaka 1994. Katika watu 10 wenye figo hizo, mmoja hivi huwa na kifuko kichwani, yaani mara tatu au nne ya watu wa kawaida. Figo zetu, alhamdulillah, zilikuwa safi. Yapo pia maradhi machache adimu ya nyuzi zinazoshikilia ngozi, viungo na kuta za mishipa, nayo hatukuwa na dalili zake.

Kwa hiyo sisi tumo katika kundi kubwa zaidi, la familia ambazo hazina jeni moja ya kunyooshewa kidole. Mwaka 2020 watafiti wa nchi mbalimbali walichapisha kazi iliyolinganisha vinasaba vya wagonjwa 10,754 na vya watu 306,882 wasio na maradhi haya. Walipata sehemu 17 katika vinasaba zinazohusiana na vifuko vya kichwani, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi kidogo tu. Vinasaba vyote hivyo vilikuwa vya watu wenye asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Asili ya Mwafrika haimo. Utafiti mwingine, wa mapacha wa Denmark, Finland na Sweden, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria kuwa urithi unaeleza kiasi cha asilimia 41 ya kutokea kwa damu hii ya ghafla kichwani. Iliyobaki ni maisha mtu anayoishi. Ndiyo maana hakuna kipimo cha damu ambacho mtu anaweza kwenda kukinunua mjini kikamwambia kuwa kichwa chake kina kifuko au hakina. Anayedai kukiuza kipimo hicho asipewe fedha.

Kinachopimwa ni mishipa yenyewe, kwa picha ya MRI au ya CT-Scan inayoonyesha mishipa. Na si kila mtu apimwe; tunaliandika hili kwa mkazo kwa sababu baada ya habari zetu kuenea pale Kasokola walikuja watu wenye kipandauso cha miaka mingi wakitaka kuuza viwanja. Ukiwa na ndugu mmoja tu aliyepatwa, hatari yako haipandi sana, na madaktari kwa kawaida hawapendekezi picha. Hesabu hubadilika pale wanapopatwa wawili au zaidi walio wa karibu kabisa, yaani mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto. Uholanzi walifuatilia watu 458 wenye familia za namna hiyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Katika picha ya kwanza watu 51 walikutwa na kifuko, ambayo ni zaidi ya mmoja katika kila kumi. Jambo lililotugusa zaidi ni kwamba waliokutwa salama waliporudi baada ya miaka mingine, baadhi yao walikutwa na kifuko kipya. Picha safi ya leo si cheti cha milele.

Sisi ni watoto wa mama na ni ndugu wa dada. Hesabu yetu ilikuwa imekamilika. Tuliuza ng'ombe wawili na sehemu ya mahindi, tukasafiri zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Dar es Salaam, watano, kwa zamu mbili ili nyumba zisibaki tupu. Wanne tulitoka salama. Kaka yetu, yule aliyejibu swali la daktari, alikutwa na kifuko cha milimita 4.

Hapa msomaji atategemea tuseme alipasuliwa akapona. Hakupasuliwa. Dawa ya vifuko hivi ipo: mwaka 1937 huko Marekani, Walter Dandy alikuwa wa kwanza kufungua fuvu na kubana shingo ya kifuko kwa kibanio cha chuma, na kuanzia mwaka 1990 njia ya Guido Guglielmi imewawezesha madaktari kupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja mpaka kichwani na kukijaza kifuko kwa nyuzi laini za platinamu, bila kufungua fuvu. Nchini kwetu mgonjwa wa ubongo na mishipa yake hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambayo licha ya jina lake si ya mifupa peke yake. Lakini kila njia ina hatari zake, na kifuko kidogo kama cha kaka yetu kwa watu wa kawaida hupasuka kwa nadra sana. Kwa mtu mwenye familia kama yetu nadra hiyo si nadra ile ile. Upo utafiti wa mwaka 2009 uliokadiria kuwa vifuko vya wenye ukoo wa maradhi haya hupasuka mara 17 zaidi, ingawa ulijengwa juu ya watu wachache. Madaktari waliyapima hayo yote mbele yake, hawakumficha, na ushauri wao ukawa asubiri, apigwe picha tena kila baada ya muda, presha yake ishuke, na aache sigara siku hiyo hiyo.

Sigara ndiyo iliyokuwa ngumu. Mpanda ni nchi ya tumbaku. Ada za shule zetu zimetoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na kaka yetu amekuwa akivuta tangu ana miaka 15, kwanza jani lililoviringishwa shambani, kisha pakiti. Waandishi wa ule utafiti wa mwaka 2020 walitaja mambo mawili ambayo ushahidi wa vinasaba wenyewe unayaonyesha kuwa yanayasukuma maradhi haya: shinikizo la damu na uvutaji. Maana yake mtu hawezi kuubadilisha urithi wake, lakini mambo mawili makubwa yanayoshirikiana nao yamo mikononi mwake. Wanazuoni wetu wamesema mengi juu ya tumbaku, wengine karaha na wengine haramu, na kaka yetu alikuwa akiyasikia kila Ijumaa bila kushtuka. Sasa ana mwaka wa tano hajavuta. Bado analima tumbaku. Tumelizungumza hilo pamoja naye, na jibu lake ni kwamba atakayemwonyesha zao lingine lenye mnunuzi wa uhakika pale Kasokola aje na gunia la mbegu.

Anavyoishi na kile kifuko ni jambo ambalo shemeji yetu analieleza vizuri kuliko sisi. Miezi ya mwanzo alikuwa akimwamsha mumewe usiku kuhakikisha kuwa anaamka. Alikataza asiinue gunia, asikohoe kwa nguvu, asikasirike. Daktari alimwambia maisha ya kawaida hayazuiliwi, na taratibu nyumba ikatulia. Kujua kuna gharama yake, na mwenye kusema kuwa kupima ni kheri tupu hajaishi katika nyumba hiyo.

Kabla ya safari ya pili ya Dar es Salaam tulikwenda Karema. Mama mdogo alitupokea uani, akatandika mkeka, akatusikiliza mpaka mwisho. Tulimwambia kuwa mama alikufa kwa mshipa uliopasuka kichwani, kwamba dada naye amekufa hivyo hivyo, na kwamba daktari amesema jambo hilo hutembea katika damu ya upande wa mama yetu. Hakulia, wala hakutaja neno la miaka ile. Aliuliza kwanza kama wanawe watatu nao wapimwe. Tukamweleza kuwa wao na sisi tumechangia baba. Mama yetu si mama yao, na mshipa huu hauwahusu zaidi ya unavyomhusu mtu yeyote. Akasema alhamdulillah. Kisha akauliza ni nani kati yetu bado hajapigwa picha, na akamtazama mdogo wetu wa mwisho, ambaye alimbeba mgongoni mwaka ule kabla hajaondoka. Watoto wake wawili sasa wanaishi Mpanda mjini na hushinda kwetu kila Idi. Tusidanganyane kuwa miaka 18 imefutika. Yapo maneno ambayo wanakijiji waliyasema na wangali wanayakumbuka, na hakuna aliyekwenda Karema kumtaka radhi isipokuwa sisi, ambao mwaka 2001 tulikuwa watoto.

Damu inayohusika hasa ni ya Ujiji. Wajomba wawili na mama mkubwa mmoja, walio tumbo moja na mama, ndio waliosimama mstari wa mbele katika tuhuma, na ndio ambao mshipa huu uko karibu nao. Kwao na kwa watoto wao hesabu haifanani na yetu; wao wana dada mmoja na mpwa mmoja, na daktari alisema waanze na presha, kisha watu wa mishipa ya ubongo waamue juu ya picha. Kuwapelekea habari hii kulikuwa kama kuwapelekea hukumu, na ndiyo sababu ilituchukua muda kukubaliana nani aende. Mjomba mkubwa, mzee wa swala tano anayeheshimiwa na mtaa mzima, alitujibu kwamba siku ya mtu ikifika imefika, na kwamba kupima ni kuitafuta hofu kabla ya wakati wake. Hatukubishana naye juu ya ajali, kwa kuwa katika hilo yeye na sisi ni imani moja. Tulimkumbusha tu habari ya Sayyidna Umar (R.A.) mwaka wa 18 Hijria, alipokuwa njiani kuelekea Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi, na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari yake nyingine. Mjomba anaijua habari hiyo kuliko sisi. Alinyamaza, akaomba maji.

Lipo na suala la ndoa, ambalo kwenye kurasa hizi za familia halipaswi kurukwa. Binti wa marehemu dada aliposwa na watu wa Mpanda. Wazee wawili wa upande wetu walitaka jambo hili lisitajwe, kwa hoja kwamba binti ni mzima na hakuna aliyeuliza. Tulimwendea shekhe wetu. Alisema kuwa uwezekano si aibu ya mwili inayovunja ndoa, na kwamba hatulazimiki kuutangaza ugonjwa ambao binti hana. Lakini kwa kuwa wenzetu wangekuja kujua vifo viwili hivi kwa mdomo wa mtaa, na mdomo wa mtaa bado unasema uchawi, kuwaambia sisi wenyewe ni salama zaidi kwa binti. Tukawaambia. Walikaa kimya wiki mbili ambazo hatutaki zirudi. Kisha baba wa kijana akaja na swali moja tu, kama binti ataweza kuzaa, tukamjibu kuwa hakuna kinachomzuia. Ndoa ilifungwa. Binti mwenyewe, ambaye katika hesabu ana mama na bibi, ameamua kupigwa picha atakapotimiza miaka 25, na mumewe ndiye anayeweka akiba ya safari.

Wakati wa mazungumzo hayo mzee mmoja aliuliza kama basi tuache kuoana mabinamu. Sheria imeruhusu na sisi hatuna mamlaka ya kuharamisha. Tulichosema ni kwamba kwa ukoo wenye maradhi yaliyokwisha kujulikana pande zote mbili, anayeoa binamu anakusanya urithi wa aina moja kutoka kwa baba na kwa mama wa mtoto, na mwenye nafasi ya kuchagua na achague akiwa anajua.

Tulinunua mashine moja ya kupimia presha. Huzunguka katika nyumba zetu za Kasokola, wiki kwa wiki, na daftari lake limejaa mwandiko wa watoto wa shule ambao ndio wapimaji hodari kuliko sote. Mwezi wa Shaaban tulipokwenda Ujiji kupitia Uvinza tuliibeba. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa dera lake. Akapimwa, akapewa namba zake katika karatasi, na amekubali kusafiri na dada yetu baada ya mavuno. Mjomba mdogo na wanawe walipimwa pia. Mjomba mkubwa alikuwa amekaa pembeni akivuta tasbihi. Wote walipokwisha akanyosha mkono bila kusema kitu. Mashine ilisoma 168 kwa 102. Tukasubiri dakika tano, tukarudia, ikasoma karibu vile vile. Asubuhi alikwenda na mjukuu wake kuanzishiwa dawa. Picha ya kichwa bado ameikataa.